Breka Chumbani kwa Mama Mkwe

Kama umewahi kupita Kanyakine ukasikia watu wakicheka habari ya mkwe mmoja kutoka Siakago aliyekwama kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe wake Jumapili mchana, kichwa ndani, miguu nje, basi usiulize zaidi, mkwe huyo ni mimi. Nimekana mara nyingi. Nimewahi kusema alikuwa binamu yangu, nimewahi kusema hadithi imetiwa chumvi, lakini leo naisimulia mwenyewe kwa sababu wanaoisimulia huishia pale kwenye suruali, na haikuishia pale.

Naitwa Njiru. Nauza rangi, misumari na vifaa vya stima katika duka dogo mjini Embu, na tunaishi mtaa wa Majimbo mimi, mke wangu Kendi na binti yetu Makena. Mtu akiuza bisibisi muda mrefu huanza kujiona fundi, huo ndio ugonjwa wetu sisi wenye hadiwea, na mimi nilikuwa nimeugua vibaya. Nyumbani kwangu nilikuwa nimebadilisha soketi zote, nikarekebisha pasi ya jirani (ikafanya kazi siku kadhaa, si haba), na nikimsikia mtu anataja fundi wa stima nilikuwa nakunja uso kama nimetukanwa.

Sasa, mama mkwe. Kwetu Siakago, huko Mbeere, na kwao Kanyakine, huko Meru, jambo hili halina tofauti kubwa: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai kiti kimoja, hamtazamani machoni ovyo ovyo, na chumba chake cha kulala hukanyagi, hata nyumba ikiwa inaungua utafikiria kwanza. Vijana wa siku hizi wanakumbatia mama wakwe zao kwenye sherehe mpaka wanapigwa picha, lakini Mama Kendi alikuwa mtu wa zamani na mimi nilimwoa binti yake nikijua hivyo. Miaka yote ya ndoa yetu tuliongea kupitia ukuta. Mimi nikiwa sebuleni nakula, yeye akiwa jikoni, namsikia anamwambia Makena, muulize baba yako kama ameshiba, na mimi namwambia Makena, mwambie cucu (bibi yake) nimeshiba, na yeye anamwambia Makena, mwambie baba yako hajashiba, kisha inakuja sahani nyingine ya mukimo. Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwambia, maana ningemwambia kupitia kwa nani, Makena?

Kisha akaugua mapafu. Hospitali walimweka wakamweka, halafu wakasema arudi nyumbani na mashine ya oksijeni, ile inayochomekwa kwa stima na kunguruma mchana na usiku, na mpira mwembamba unaofika puani. Pia walimpa mtungi wa oksijeni wa akiba, mdogo, wa kushikilia stima ikipotea. Ndugu za Kendi wanafanya kazi mbali, kwa hivyo sisi ndio tulikuwa tukipanda Kanyakine kila wikendi. Kendi anaingia chumbani anamwogesha mama yake, anamlisha uji, na mimi nakaa sebuleni nikisikiliza mashine kupitia ukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumtembelea mgonjwa.

Jumamosi moja tukafika tukakuta yule msichana anayemtunza amekosa raha. Alisema stima ya upande ule wa nyumba inakatika yenyewe, unairudisha, inakaa kidogo, inakatika tena, na kila ikikatika mashine inapiga king'ora na cucu anashtuka. Tukamwacha aende kwao apumzike hadi jioni ya kesho yake, na mimi nikapandisha mikono ya shati. Nikajiambia, leo ndiyo leo.

Shida ni kwamba kisanduku cha breka, zile swichi za kukata stima ikizidi, kilikuwa chumbani kwa mama mkwe. Nyumba ile ilianza kama chumba kimoja cha mbao, huko nyuma, na stima ilipokuja ikafungwa hapo. Baadaye wakaongeza sebule na vyumba vingine mbele, kile cha kwanza kikawa chumba cha kulala, na kisanduku kikabaki ukutani palepale, karibu na dirisha. Kwa hivyo niliichunguza stima nikiwa nimeketi sebuleni kama hakimu, na Kendi ndiye aliyekuwa akienda na kurudi. Nikamwambia achomoe kila kitu kwenye soketi, taa ya mezani, redio, chaji ya simu, mashine yenyewe tukaihamishia soketi ya jikoni kwa ekstensheni maana jikoni kuna breka yake. Arudishe breka. Akarudisha. Tukangoja, hakuna kitu kimechomekwa, na bado baada ya muda breka ikaanguka, tak. Nikamuuliza, ukiigusa ina joto? Akasema ina joto na inanuka kama plastiki iliyoungua, na ubavuni imegeuka rangi ya kahawia. Hapo nikajua, na hapo nilikuwa sahihi, naomba hilo likumbukwe: mzigo, yaani vitu vilivyochomekwa, haukuwa na shida, waya haukuwa na shida, ni breka yenyewe iliyokuwa imechoka.

Nilikuwa na breka mpya kwenye gari, ya ampea ishirini kama ile ile (usiweke kubwa zaidi, waya utaungua kabla breka haijashtuka, hilo huwaambia wateja wangu wote). Kilichobaki ni mtu wa kuifunga, na mtu huyo angehitaji kusimama ndani ya chumba kile.

Kendi akasema, "Si ungoje tu fundi akuje Jumatatu? Mashine inafanya na hiyo ya jikoni. Ama unionyeshe, nifanye mimi."

Angalieni jinsi milango ya kutokea ilivyokuwa mingi. Ningengoja Jumatatu. Ningemwonyesha Kendi, ambaye mikono yake haitetemeki kama yangu. Lakini ule waya wa ekstensheni ulikuwa mwembamba na ulikuwa unapata joto, na ulikatiza korido yote, na Jumapili baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea mgonjwa, wote wangepita juu yake. Hizo ndizo sababu nilizotoa. Sababu ambayo sikuitoa ni kwamba nilitaka akina mama wale wakute mambo yamekaa sawa, waulize nani ametengeneza, waambiwe ni mkwe.

Basi usiku ule nikiwa nimelala nikapata wazo, na nikaliona ni wazo la mtu aliyesoma. Mila inakataza kuingia mlangoni mwa chumba cha mama mkwe. Dirisha hakuna mzee aliyewahi kulitaja. Kisanduku kiko hatua ndogo tu kutoka dirishani. Nikisimama nje juu ya kreti ya soda, nikapenyeza mikono na kifua, miguu yangu ikabaki nje, nani atasema nimeingia?

Jumapili baada ya chakula tukajipanga. Kendi akamwelezea mama yake, akamhamishia mpira kwenye mtungi wa akiba, akashusha ile swichi kubwa ya kisanduku ili nyumba yote izimike, kisha akatoka nje kunishikia kreti. Nilikuwa nimemwambia itachukua dakika kumi. Mtungi ulikuwa na oksijeni ya kutosha mara kadhaa ya hizo dakika. Nilivaa suruali yangu nzuri ya suti kwa sababu ya wageni, na mkanda wenye bizimu kubwa ya chuma, na nikaingia kwa dirisha lile la mbao lisilo na vyuma kama mwizi aliyealikwa.

Nitakuwa mkweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimegeuzia uso ukutani, sikutazama kitandani hata mara moja. Nikajaribu kwa testa, nikahakikisha hakuna stima upande wa breka, nikalegeza skrubu, nikaivuta ile breka iliyoungua, nikaitia mfukoni mwa shati, na ile mpya nikaishika kwa meno. Hapo ndipo tuliposikia nyimbo. Akina mama walikuwa wametoka kanisani mapema, wanashuka kwa ile njia ya katikati ya migomba wakiimba. Nikamwambia Kendi kwa meno yaliyobana breka, nenda, wakalishe sebuleni, wape chai, wasije huku. Akaniuliza kreti je? Nikamwambia iko sawa.

Kreti haikuwa sawa. Nilijivuta mbele kidogo kufikia waya, nikasikia chupa zinagongana chini yangu, kisha sikuwa nimesimama juu ya kitu chochote. Tumbo likalala kwenye kizingiti cha dirisha. Nikajaribu kurudi nyuma, bizimu ya mkanda ikawa imenasa kwenye komeo. Nikajaribu kwenda mbele, makalio yakakataa. Nikafungua mdomo nitoe pumzi, na ile breka mpya ikaanguka, ikaruka kwenye stuli, ikatua kitandani kwa mama mkwe wangu.

Ikabidi nitazame.

Alikuwa ameegemezwa mito, amekonda, sikujua amekonda hivyo. Kwa wiki zote zile nilikuwa nikisikia mashine tu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea na alikuwa anajaribu kukirekebisha kwa haraka kwa ajili yangu, huku mimi nimening'inia pale, na mikono yake ilikuwa myembamba kama ya Makena. Nilitaka kulia, na nilitaka ardhi inimeze, yote mawili kwa pamoja. Sebuleni nilisikia viti vinavutwa na vikombe.

Aliichukua ile breka akaigeuza mkononi kama mtu anayekagua viazi sokoni. Kisha akasema, kwa Kimeru chake cha polepole, akipumzika kati ya maneno, "Baba Makena. Mlango uko hapo."

Katika miaka yote hiyo, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia bila kumpitia mtu. Nikasema pole, mama.

Akatazama geji ya mtungi, na mimi nikaitazama, na mshale ulikuwa umeshuka kuliko nilivyotarajia, maana dakika zangu kumi zilikuwa zimepita kitambo. Nilijua la kufanya. Kupiga kelele tu, Kendi aje. Lakini nikipiga kelele hawatakuja na Kendi peke yake, watakuja akina mama wa kanisa wote wa Kanyakine, na mimi nikatulia hapo nikipiga hesabu ya aibu yangu huku mama wa watu akihesabu pumzi. Haikuwa muda mrefu. Lakini aliniona nikipiga hiyo hesabu, najua aliniona. Hakukasirika. Alisema tu, "Ita watu, mwanangu."

Nikaita.

Walikuja pande zote mbili. Kendi na nusu yao waliingia chumbani, na nusu nyingine, wakiongozwa na Mama Kinoti, mwenyekiti wao, walizunguka nyumba wakanikuta kwa upande mwingine. Nilisikia sauti yake nyuma yangu ikiuliza, "Na huyu ni nani ako kwa dirisha ya Mama Kendi?" na kabla mtu hajamjibu nikapigwa mwavuli kwenye shavu la mguu. Kendi akapaza sauti kutoka ndani kwamba huyo ni bwana yake. Halafu Mama Kinoti akawauliza wenzake, kwa upole wa kutisha, kama kuna mtu anajua mkwe anatafuta nini huko. Wakashika miguu yangu, mmoja upande huu mmoja ule, wakavuta kama wanaovuta ng'ombe aliyetumbukia kwenye mtaro. Bizimu haikuachia. Suruali ndiyo iliyoachia, kuanzia kiunoni hadi gotini, na nikatoka, nikaangukia kwenye tuta la nduma lenye matope, mbele ya akina mama waliotoka kuimba nyimbo za Mungu.

Hapa ndipo wanaosimulia huishia, na watu hucheka hadi wakashika mbavu. Lakini stima ilikuwa bado haijarudi, na Kendi hangeweza kupandisha swichi kubwa huku waya ukiwa wazi kisandukuni.

Kendi akaja mbio na kitu cha kwanza alichokipata, leso ya mama yake, akanifunga kiunoni. Nikakimbia kuzunguka nyumba, nikapita sebuleni, nikapita korido, nikafika kwenye mlango wa chumba, na miguu ikasimama yenyewe. Mnaweza kuamini? Mtungi unaisha, matope magotini, nimevaa leso ya mwanamke huyo huyo, na bado miguu yangu ilikumbuka heshima. Nilimwona kutoka pale. Alikuwa amegeuzia uso ukutani ili asinitazame nikiwa nimevaa vile. Hata pumzi ikimwishia, alinisitiri. Akanyoosha mkono nyuma, breka iko kwenye kiganja, akasema, "Ingia."

Nikaingia. Nikaichukua kutoka mkononi mwake, nikaifunga, waya ndani, skrubu nikakaza, nikavuta kidogo kuhakikisha haulegei, swichi kubwa juu, breka juu. Kendi akachomeka mashine. Ikanguruma. Hakuna wimbo wa kanisa niliowahi kuupenda kama ule mngurumo.

Nilitaka kutoroka lakini Mama Kinoti alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, akasema kwa vile nimeshaingia nikae, maombi hayachagui. Wakaomba wakiwa wamenizunguka. Katikati ya maombi nikasikia kitu kama kikohozi, nikafungua jicho, na mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, mpira unacheza puani, anajaribu kujizuia kwa sababu ya maombi na hawezi. Halafu akanishika mkono. Hakutazama, alishika tu, na akaendelea kuushika mpaka wakasema amina.

Ingekuwa mimi ni mtu mwenye akili, ningerudi wikendi iliyofuata nikapitia mlangoni nikabisha hodi. Lakini tayari Kanyakine nzima ilikuwa na habari, na hata Embu sokoni kuna mtu aliniuliza kama nauza madirisha. Kwa hivyo wikendi ile nikasema duka lina mzigo unaokuja. Iliyofuata nikasema gari lina shida, Kendi akapanda peke yake na Makena. Akirudi ananiambia, mama ameuliza fundi wake yuko wapi. Mara nyingine Kendi akampigia mama yake simu, akaiweka sauti juu nisikie, na ile sauti ndogo ikasema kwa utani, "Mwambie breka iko sawa, lakini fundi amepotea." Nilicheka na Kendi akacheka. Nikamwambia mwambie nakuja wiki ijayo. Mnaona? Alikuwa ameacha kunipitishia maneno kwa ukuta, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha.

Mvua zilipoanza akatupigia simu yule msichana, asubuhi mapema, akilia. Stima haikuwa imepotea. Mashine ilikuwa ikinguruma vizuri. Mapafu tu yalikuwa yamechoka, na hayo hakuna anayeuza ya kubadilisha.

Siku ya mazishi Mama Kinoti aliposimama kutoa rambirambi za akina mama, akaisimulia. Yote, pamoja na mwavuli. Watu walicheka kwenye mvua huku wanapangusa macho, na alisema Mama Kendi alikuwa akiwaambia kila walipomtembelea kwamba siku ile ndiyo alipata mtoto mwingine wa kiume, kwa dirisha. Nilikuwa nimesimama nyuma na koti limelowa. Aibu niliyoikimbia, yeye alikuwa akiwasimulia wageni kwa furaha, na mimi niko Embu nasingizia mzigo wa duka.

Jioni watu walipotawanyika Kendi akaniomba nikazime stima ya chumba kile, maana hakuna atakayelala huko. Nikapita korido. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, mashine imefungwa ingojee kurudishwa. Breka yangu ilikuwa pale ukutani, nyeupe kati ya zile za zamani zilizofifia, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo.

Siku hizi nikisikia mtu wangu anaumwa naenda siku hiyo hiyo, aibu nitaibeba njiani. Hilo nimeapa na mpaka sasa sijalivunja. Lakini jioni ile nilisimama mlangoni kwa mama mkwe wangu na nikabisha hodi. Nikangoja kidogo, jinsi mtu anavyongoja mgonjwa arekebishe kitambaa chake. Kisha nikaingia nikazima.